Nukta Mbili

Saa nne asubuhi, kibandani kwangu karibu na Posta,
Bwana Kishimba amemwaga noti kutoka mfuko wa nailoni
na kuzitandaza kama anayechambua majani ya sombe.
Zaïre tano. Zaïre hamsini. Na ile ya milioni tano
ambayo wengine waliikataa ingali na joto la mtambo.
Kuna mnunuzi ng'ambo, anasema, mkusanyaji,
anataka orodha, kwa Kiingereza,
kabla umeme haujakatika.

Nachapa. Kwenye kibodi yangu ya Kifaransa
nukta mbili huombwa kwanza, peke yake:
kitufe unabonyeza na huoni kitu,
halafu i inakuja kuzibeba kichwani
kama mtoto aliyetumwa mayai mawili.

"Ziondoe," anasema Kishimba. "Kiingereza hakili nukta.
Mzungu atadhani ni mavi ya nzi."

Mavi ya nzi.

Baba alikuwa karani wa mizani Gécamines.
Alilipwa kwa karatasi hizi, mwanzo katika bahasha,
kisha katika mfuko wa unga,
kisha kwa unga wenyewe.
Nilimwona mezani akihesabu sufuri kwa ncha ya kisu
maana macho yaliteleza.
Sufuri ziliongezwa usiku, zikakatwa asubuhi,
milioni tatu zikaamka zikiwa moja,
na hakuna aliyeziombea radhi.
Nukta mbili hazikuguswa.
Pesa ile ilipoteza kila kitu
isipokuwa namna ya kuandikwa.

Nilitaka kumwambia hivyo. Nikamkumbuka dada.

Noëlla aliolewa Kitwe. Pale Kasumbalesa
mwenye muhuri alimwandika bila nukta zake,
na tangu hapo ni hivyo, kadi ya kliniki, daftari la kanisa.
Mimi nilikasirika kwa niaba yake, barua kurasa tatu.
Akajibu kwa mstari mmoja na nusu:
"Dirishani wakiniita, nasimama.
Ulitaka nibaki nimekaa nikisubiri nukta?"

Na sisi hapa Katuba? Tunasema za-i-re,
a kwake, i kwake, kila moja na mlango wake.
Ni katika Kifaransa a na i zikikutana
hujifunika shuka moja, zikazaa sauti nyingine,
ndipo zikawekewa nukta mbili
kama shangazi mwenye taa.
Ulimi wetu haukuhitaji shangazi.
Basi ninalilia cha nani?

Likuta, sarafu ndogo, ilikufa bila matanga.
Haikuwa na nukta wala kofia ya kuvuliwa.
Lakini leo alfajiri muuza maji kanigongea:
"Mama, leta makuta."
(Kishimba kwenye karatasi yake ya rasimu
alikuwa ameandika *makutas*,
wingi juu ya wingi, kofia juu ya kofia.
Hiyo niliifuta bila kumwuliza.)

Sijui. Mteja ni mteja, na ukurasa una bei.
Nimezitoa zote, mstari kwa mstari,
i ikabaki na jicho moja, ikinitazama.
Printa imekohoa kurasa mbili,
ya tatu imetoka nusu, taa zikazimika mtaa mzima,
jenereta ya jirani ikaanza kutukana.

Kishimba anahesabu falanga zilizobandikwa gundi.
Namwambia, ngoja, kuna sehemu wino haukushika.
Nachukua biki. Mstari wa kumi na tisa,
noti ya mwezi ule baba alipokuja na mfuko mtupu
akaukung'uta mlangoni, asije akaingiza vumbi ndani.
Tone. Tone.

Mnunuzi akiona, na aseme ni nzi.
Ni nzi wa nyumbani kwetu.